Acheni kuilisha bunduki pesti ya kusagia valvu

Jumamosi iliyopita, pale uwanja wa shabaha, kijana mmoja wa kwetu alinifuata na bunduki yake ndogo ya .22, uso umejaa furaha. "Mjomba, hebu ikoki hii. Nimeilainisha mwenyewe." Nikaikoki. Kweli, bolti, kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya risasi, ilipanda na kushuka bila ubishi. Nikamwambia haya, twende mstarini. Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili kimya. Ya tatu ikalia, ya nne kimya. Akaanza kulilaumu boksi la risasi, kama tunavyofanya wote. Nikamuuliza bolti kailainisha na nini.

"Pesti ya kusagia valvu. Niliona kwenye video. Unapaka, unafungua na kufunga mpaka inateleza."

Nilinyamaza, maana kulikuwa na watoto karibu. Sasa hawapo.

Jamani, pesti ya valvu ni unga mkali wa kusagia chuma uliochanganywa na grisi. Gereji ina kazi yake: fundi anasaga valvu na siti yake kwa sababu anataka vyuma viwili vilaliane, visivujishe, kisha anaosha kila kitu kabla ya kufunga injini. Anajua inachokula na anajua pa kuachia. Wewe kwenye bolti unajua inakula nini? Ulitaka iondoe mkwaruzo mmoja ulioachwa na mashine ya kiwandani, lakini unga ule hauna macho. Unakula mkwaruzo, unakula na bega linaloishikilia bolti isirudi nyuma. Na usipousafisha wote, na kamwe huwezi kuusafisha wote kwa kitambaa cha jikoni, utaendelea kula kila unapokoki.

Kwenye .22 bega hilo si la kuchezea. Risasi hizi hazina fataki katikati ya kitako kama za bunduki kubwa. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini inauponda ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba, lile tundu risasi inamokaa. Unene wa ukingo ni milimita moja hivi. Bolti ikifunga, inatakiwa kubaki nafasi ya ukingo huo na kidogo sana zaidi. Na bunduki nyingi za .22 hazina meno makubwa ya kufungia kule mbele. Kinachozuia bolti isirudi nyuma ni shina la mkono wake tu, lililokaa kwenye pengo lake. Saga shina hilo na bolti inarudi nyuma unywele mmoja. Saga tena, unywele mwingine. Pini ikipiga, ganda linasogea mbele badala ya ukingo kupondeka. Kimya. Na kimya ndiyo bahati yako. Ubaya ni siku ganda litakapopasuka pale ukingoni pasiposhikwa na kitu. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .22 Long Rifle hapa Marekani ni pauni 24,000 kwa inchi ya mraba. Watu wanaiita bunduki ya watoto, haya, na uso wako umeulaza juu ya kitako, nyuma ya bolti hiyohiyo.

Mtaniambia mafundi wa bunduki wenyewe wanatumia pesti. Sawa, wanatumia. Wanapaka kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye meno ya bunduki kubwa, geji ya kupimia nafasi ile ya bolti iko mezani, wanapima kabla na wanapima baada. Mwenye geji sina neno naye. Yule wa kwenye video hakuwa na geji, alikuwa na muziki.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi bolti yenyewe haiumwi. Ukiinua mkono wa bolti baada ya kufyatua, unaisukuma pini nyuma dhidi ya springi, kwa kuipandisha mteremko uliochongwa kwenye bolti. Kazi hiyo lazima ifanywe na mtu, na mtu huyo ni wewe. CZ, kiwanda cha bunduki cha Cheki, walipoitoa .22 yao ya 457 kuchukua nafasi ya 455, walipunguza mzunguko wa bolti kutoka nyuzi 90 hadi 60, ili mkono upite vizuri chini ya darubini. Watu wakashangilia. Halafu wakaanza: mbona nzito? Springi ni ya kubanwa, na sasa unaibana kwa safari fupi zaidi. Ulitaka nani akusaidie? Wanamichezo wa biathlon, wale wa kuteleza kwenye theluji na kupiga shabaha, wao wanavuta bolti moja kwa moja nyuma bila kuinua chochote. Uliza bei ya bunduki ya Kijerumani ya Anschütz yenye mtambo huo, unaoitwa Fortner, kisha urudi uipende bolti yako.

Kwa hiyo, kabla ya kushika hata msasa, iulize bunduki inaumia wapi. Chemba tupu, magazini nje, hilo sirudii. Kama bolti ni nzito kuinua ukishafyatua, lakini ni laini ikiwa imekwisha kukokiwa, shida iko kwenye mteremko na springi. Kama inakwaruza mbele na nyuma muda wote, shida ni mwili wa bolti na reli zake: ipake wino wa maka peni, ifungue na kuifunga, utaona wino umetoka wapi. Hapo ndipo penye kinundu, na kinundu ndicho cha kuguswa, kwa msasa laini wa namba 1000 uliolowa mafuta, kwa kidole, taratibu. Uso wa bolti usiuguse. Shina la mkono usiliguse. Na kile kijino cha triga kinachoishikilia pini, ukikigusa mimi na wewe hatusimami mstari mmoja tena, sitanii.

Ikiwa ngumu kufunga pale tu penye risasi, basi bolti haina kosa kabisa. Risasi za .22 zimepakwa nta kwa nje, nta inachanganyika na masizi, inajenga pete ngumu ndani ya chemba. Brashi na dawa ya kusafishia, basi. Au chemba yako ni ya mashindano, imebanwa makusudi ili risasi iume michirizi ya mtutu mapema. Huo ugumu umeulipia, acha kulalamika.

Na skrubu! Nimeona bolti ikisuguliwa wiki nzima kumbe skrubu ya mbele, ile inayofunga chuma kwenye mbao, imebadilishwa na nyingine ndefu na ncha yake inagusa bolti kwa chini. Itoe bunduki kwenye kitako, jaribu bolti. Ikiteleza, mchawi unamjua.

Sasa tuseme ni mteremko, maana kwa bunduki mpya ya bei ya chini mara nyingi ni huo. Dawa yake ni kuitumia. Na hapa napo watu wana vituko. Wanakaa mbele ya mpira, wanafungua na kufunga kuanzia dakika ya kwanza hadi ya tisini, halafu wanasema hakuna kilichobadilika. Ulivuta triga? Hukuvuta. Basi pini ilikuwa tayari iko nyuma tangu mara ya kwanza, mteremko haukubeba mzigo wowote, umefanya mazoezi ya kiwiko tu. Ni lazima ufyatue ndipo ukiinua tena chuma kisuguane na chuma pale panapohusika. Ila .22 nyingi hazitaki kufyatuliwa kavu, yaani chemba ikiwa tupu, pini inaweza kugonga mdomo wa chemba na kuuachia kovu, na kovu hilo litafanya maganda yakatae kutoka. Wazee wa huku wanatumia zile plagi ndogo za plastiki za manjano za kushikia skrubu ukutani. Zinakaa kwenye chemba ya .22 kama zilitengenezwa kwa ajili yake. Pini ikishaiponda upande mmoja, izungushe, na ikichakaa tupa uweke nyingine. Risasi halisi zisiwepo hata chumba hicho.

Watu wanasifu Brno, zile .22 za Chekoslovakia za miaka ya hamsini, kwamba bolti zake zinateleza. Zinateleza, nakubali, na zilitengenezwa kwa uangalifu. Lakini zimefunguliwa na kufungwa na vizazi vitatu vya watu, hilo nalo lihesabiwe. Viwanda vya leo nao sivitetei. Mtu analipa dola mia kadhaa anapewa bolti yenye mistari ya mashine unayoweza kuihesabu kwa ukucha, na kijitabu kizima cha maonyo bila mstari mmoja wa kumwambia apake grisi wapi. Ndiyo maana vijana wanaenda kwenye video. Kama bado iko kwenye dhamana, na ugumu ni wa kukwama kabisa, irudishe. Ukishaipaka pesti, dhamana isahau.

Grisi basi, kwa kuwa kijitabu hakisemi. Kidogo, kama unaipaka kwa kijiti cha meno, kwenye ule mteremko na nyuma ya shina la mkono. Mwili wa bolti unatosha na mafuta mepesi yaliyopanguswa. Ndani, kwenye njia ya pini, usiweke grisi kabisa. Msimu wa kuchakulo hapa Kentucky unafunguliwa Agosti, jasho linatiririka, lakini unafika mpaka Februari, na grisi iliyokuwa laini Agosti inakuwa nzito Januari, pini inakwenda kwa uvivu na kuchakulo anakutazama tu. Futa humo ndani pakauke, tone moja la mafuta mepesi kama una wasiwasi, rudisha springi, funga.