Hisa za Serikali na moshi wa Kipevu

Wapo wanaoamini kwamba kampuni ambayo serikali ina hisa ndani yake haiwezi kuchafua mazingira kiholela, maana serikali haitafuti faida peke yake. Ukiitazama KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, hoja hiyo ina uzito. Kampuni hii iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006, lakini takriban asilimia 70 ya hisa zilibaki kwa serikali. Kuchimba mvuke wa ardhini Olkaria, katika Bonde la Ufa, ni kamari ghali: kisima kinaweza kumeza mamilioni kisha kisitoe kitu. Mwekezaji anayengoja gawio la mwaka huu hana subira hiyo. Serikali ilikuwa nayo, na umeme wa jotoardhi umekuwa ukitoka huko tangu 1981.

Sawa. Ila mwenye hisa huyo huyo ana mitambo ya Kipevu, hapa Mombasa, inayochoma mafuta mazito. Pwani inahitaji umeme, na hitaji hilo halikujali nani anamiliki nini. Tena mkaguzi wa moshi huo, mamlaka ya mazingira NEMA, ni chombo cha serikali, na sehemu kubwa ya gawio la KenGen huingia Hazina Kuu. Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, hata kama ngedere mwenyewe ni mwadilifu.

Sasa nenda Bamburi, papo hapo Mombasa. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimeacha mashimo makubwa ya matumbawe, joto na chumvi tupu. Kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda mivinje, kisha akaleta majongoo yaliyotafuna majani makavu na kuyageuza mboji. Msitu ukaota, leo ni Haller Park. Wenye sauti katika kampuni hiyo walikuwa wawekezaji wa kigeni. (Tusiwatakase: saruji haitengenezwi bila moshi, na bustani ni tangazo zuri.)

Umiliki binafsi mtupu nao tumeuona Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya madini ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama.

Kwangu mimi, basi, uzito uko kwa mkaguzi kuliko kwenye daftari la wenye hisa. Owino Uhuru serikali ilishtakiwa kwa usimamizi mbovu tu. Ingekuwa na hisa pia, ingekuwa na sababu ya pili ya kunyamaza.