Nyota Kavaa Traksuti, Tiketi Nimeshalipa

Ijumaa za msimu wa mieleka simu yangu huanza kuita tangu mchana, na swali ni lile lile. "Kaka, nyota leo anapanda mkekani au hapandi?" Nani atashinda hakuna anayeuliza tena.

Niwaweke sawa kwanza wasomaji wa Dar na Mombasa, maana ukisema mieleka wengi wanawaza ile ya kwenye televisheni ya kupigana viti. Hii ya vyuo vikuu vya Marekani haina maigizo. Katika majimbo kama Iowa, Pennsylvania na Oklahoma inapewa heshima ambayo kwetu unapewa mpira wa miguu. Vyuo viwili vinakutana, uzito uko wa aina kumi, kuanzia pauni 125 mpaka 285, na kila uzito unatoa mtu mmoja kila upande. Ukimshinda mwenzako kawaida unaiingizia timu pointi 3. Ukimzidi kwa mbali, 4 au 5. Ukimbana mabega yote mawili chini, 6, na hapo ukumbi mzima unasimama.

Shida ni kwamba mikutano hii ya kuanzia Novemba mpaka Februari haitoi bingwa wa taifa. Taji la timu linatafutwa Machi, kwenye mashindano ya siku tatu yenye wanamieleka 330, yaani 33 kila uzito, na pointi ambazo kila mmoja anaiingizia timu yake zinaanza kuhesabiwa sifuri. Timu inaweza kuwapiga wote majira yote ya baridi, ikafika Machi ikarudi mikono mitupu. Nyingine inaweza kupoteza mikutano miwili mitatu na bado ikabeba kombe. Kocha anayejua hesabu hiyo, akiwa na nyota ambaye bega linamuuma kidogo, atamtuma mkekani Januari kwa faida gani? Ningekuwa mimi, huenda ningemkalisha pia.

Na mwili wenyewe si chuma. Kijana wa pauni 125 anaishi kwa kujinyima chakula na maji. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha ili wafikie uzito, ndipo sheria zikabadilishwa. Siku hizi kwenye mkutano wa vyuo viwili watu wanapimwa saa moja tu kabla ya kuanza, ili asiwepo wa kujikausha leo na kujijaza maji usiku kucha. Kumpunguzia mtu safari mbili tatu za kwenye mizani kwa msimu ni ubinadamu, silikatai.

Majeraha nayo ni halali kabisa. Spencer Lee wa Iowa alitwaa taji lake la tatu Machi 2021, halafu akaueleza umma kwamba magoti yake yote mawili yalikuwa yameharibika kano. Januari mwaka uliofuata msimu wake ukaishia kwenye upasuaji. Carter Starocci wa Penn State aliumia goti mwishoni mwa msimu wa 2024, akaingia mashindano ya taifa akiwa amepangwa nafasi ya 9, akaondoka na ubingwa. Mashabiki hawakulalamika, maana waliona goti, waliona bandeji, wakaelewa.

Kinachonikera mimi ni kuingia mitini.

Namba moja na namba mbili wa uzito mmoja wamepangiwa kukutana. Mitandao inachemka wiki nzima, chuo chenyewe kinatumia picha ya nyota kuuzia tiketi, na jioni ya siku yenyewe nyota anatokea kwenye korido amevaa traksuti na viatu vya kutembelea. Anapunga mkono, anakaa mwisho wa benchi. Sababu haitolewi. Wiki inayofuata anapambana na mtu asiye na nafasi yoyote kitaifa, anamlaza dakika ya kwanza, na bega limepona. Hesabu yake iko wazi: kamati ikikaa kuwapanga watu wa Machi inaangalia nani alimpiga nani na nani amepoteza, kwa hiyo aliye juu akikutana na wa pili yake ana cha kupoteza kuliko cha kupata.

Mwaka jana nilikuwa ukumbini siku ya namna hiyo, chuo sikitaji. Viti vya mbele yangu alikaa baba na kijana wake wa miaka kama kumi, kwa mazungumzo yao walikuwa wametoka mbali, mtoto kavaa fulana yenye jina la nyota mgongoni. Ulipofika uzito wenyewe mtangazaji akasoma jina jingine, haraka haraka, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Mtoto akamgeukia baba yake. Baba akafungua simu akatafuta habari, hakuna. Yule wa akiba, maskini, mwaka wa kwanza chuoni, akapigwa kwa tofauti ya pointi 15 hata muda haujaisha, na alipotoka mkekani makofi aliyopata yalikuwa ya huruma. Tusisahau kwamba na yeye anadhalilishwa na utaratibu huu. Anatupwa kwa simba bila maandalizi ili hesabu za mwingine zikae vizuri.

Wapo watakaosema zamani ilikuwa hivi hivi. Haikuwa. Cael Sanderson akiwa Iowa State, kuanzia 1999 mpaka 2002, alimaliza na rekodi ya ushindi 159 bila kupoteza hata pambano moja. Gawanya kwa misimu minne: karibu mapambano arobaini kila msimu. Leo nyota akimaliza msimu na mapambano ishirini na kitu hakuna anayeshtuka. Sanderson sasa ni kocha wa Penn State, waliochukua taji la taifa kila mwaka kuanzia 2022 mpaka 2025, na ukimuuliza mtu anayeujua mchezo atakwambia ubingwa wa namna hiyo haujengwi kwa kuchosha watu Desemba. Sawa. Lakini rekodi ile ya 159 ndiyo iliyofanya watu wasafiri usiku wa theluji kwenda kumwona.

Hoja kwamba watu wanajali Machi tu nayo haisimami. Novemba 2015 Iowa waliwakaribisha Oklahoma State kwenye uwanja wao wa mpira wa Kimarekani, Kinnick, nje, kwenye hewa ya baridi. Walikuja watu 42,287. Ulikuwa mkutano wa kawaida wa msimu, Iowa wakashinda 18 kwa 16. Watu wale walifuata timu mbili zilizoleta watu wao na ubishi uliokwenda mpaka mwisho.

Mpira wa kikapu wa NBA uliupitia ugonjwa huu kabla yetu. Mwaka 2012 San Antonio Spurs walipowarudisha nyumbani Tim Duncan na wenzake kabla ya mechi ya Miami, ligi iliwapiga faini ya dola 250,000. Mwaka 2023 wakaweka kanuni za kuzuia nyota kupumzishwa ovyo, na anayetaka tuzo kubwa kubwa, ikiwemo ya mchezaji bora, akatakiwa kucheza mechi 65. Sidanganyiki, walisukumwa na fedha za televisheni kuliko machozi ya mashabiki. Mieleka ya vyuo haina fedha za aina hiyo. Vyuo vyenye timu kwenye daraja la kwanza havifiki 80, na kila mara bajeti ikibana, mieleka ni kati ya michezo inayotazamwa kwa jicho la kisu. Mchezo wenye mashabiki wachache namna hii ndio ungekuwa wa kwanza kuwabembeleza.

Faini sizitaki, kwa vijana wa chuo ni upuuzi. Nataka mambo mawili. La kwanza, majina ya watakaopambana yatangazwe siku moja kabla, na atakayeondolewa baada ya hapo sababu itajwe, hata kwa neno moja: goti, homa, mtihani. La pili ni gumu zaidi: ushindi wa mikutano ya msimu uiingizie timu japo pointi kidogo kwenye hesabu ya Machi. Makocha watapiga kelele, watasema Machi ni mashindano ya mtu mmoja mmoja na hayapaswi kuchanganywa. Basi waache kutuuzia Januari kama fainali.

Mimi tiketi ya msimu mzima sikati tena. Mizani inafungwa saa moja kabla ya pambano la kwanza. Nitasubiri kwenye gari, heater imewashwa, mpaka nijue nani amepima.