Kizibo cha gome au kifuniko cha skrubu: mvinyo katika joto la Mombasa

Kazi yangu ni kuagiza mvinyo kwa ajili ya mikahawa ya Nyali, Mtwapa na kisiwani, na swali ninaloulizwa zaidi na wenye mikahawa halihusu aina ya zabibu wala mwaka wa mavuno, bali mdomo wa chupa. Wengi wao hutaka chupa zenye kizibo cha gome la mwaloni, kwa hoja kwamba mteja akiona kifuniko cha kuzungusha atadhani ameuziwa kitu duni. Naielewa hofu hiyo, kwa kuwa mfanyabiashara asiyejali macho ya mteja hamalizi mwaka. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba katika mji wenye joto kama wetu, mvinyo unaonuiwa kunywewa ndani ya miaka miwili au mitatu baada ya kutiwa chupani, na huo ndio karibu mvinyo wote tunaouza, huhifadhika vizuri zaidi chini ya kifuniko cha skrubu, na ni wajibu wetu sisi wauzaji kuirekebisha dhana ya mteja badala ya kuifuata huku ladha ikiharibika.

Najua kwamba majirani zangu wengi dini yao hairuhusu kileo, na sina nia ya kumshawishi yeyote anywe. Ninazungumza na wale ambao tayari wananunua na kuuza.

Jambo la kwanza ni joto. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma, hewa ya Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi mchana, na usiku haishuki sana chini ya 25, ilhali mvinyo hutaka kukaa kati ya nyuzi 12 na 15. Kabla haijafika rafuni, chupa huwa imevuka bahari ndani ya kontena, ikashushwa Kilindini, ikangoja ukaguzi na karatasi za ushuru, na kontena lililoachwa juani ndani yake joto hupita nyuzi 40 bila shida. Mvinyo ukipata joto hutanuka. Katika chupa ya kawaida ya mililita 750, kupanda kutoka nyuzi 20 hadi 40 huongeza mililita nne au tano hivi, kiasi ambacho kwenye shingo nyembamba ya chupa ni zaidi ya sentimita moja na nusu ya kimo. Nafasi ya hewa inayoachwa chini ya kizibo cha gome haizidi hapo, kwa hiyo hewa hubanwa, kizibo husukumwa juu, na mvinyo hujipenyeza ubavuni mwake. Joto likishuka, mvinyo husinyaa na hewa ya nje huvutwa ndani kwa njia ile ile uliyotokea mvinyo. Chupa ya kifuniko cha skrubu huachiwa nafasi kubwa zaidi shingoni, na kifuniko chenyewe kimeshikwa na mikunjo ya kioo, hakina pa kwenda.

Ninapofungua katoni iliyotoka bandarini, jambo la kwanza ninalofanya ni kushika ile ngozi ya bati laini inayofunika mdomo wa chupa na kujaribu kuizungusha kwa vidole viwili. Ikizunguka kwa wepesi, natulia. Ikigoma, huwa imegandishwa na mvinyo uliovuja ukakauka, na nikiikata kwa kisu nakuta mchirizi wa zambarau umepanda kutoka chini ya kizibo hadi juu, ukingo una ukungu mweupe, na kizibo kimeinuka kiasi cha kuhisiwa kwa kidole gumba. Chupa ya mvinyo mweupe iliyofikia hali hiyo hata ukiiinua kwenye mwanga unaiona: rangi imekuwa ya dhahabu nzito kuliko umri wake, na ukiionja unakuta tunda limeondoka na kubaki ladha ya tofaa lililokatwa likaachwa mezani. Katoni ya namna hiyo huwa na chupa mbili au tatu zilizovuja na nyingine zilizo salama, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba chupa kumi na mbili zilizotoka pipa moja zinafika zikiwa na ladha tofauti kwa sababu tu ya vipande vya gome ambavyo havifanani.

Kasoro ya pili ya gome haihusiani na joto letu, nayo hutokea hata kwenye maghala ya baridi ya Ulaya. Kuvu wanaoishi kwenye gome wakikutana na misombo fulani ya klorini hutengeneza trikloroanisoli, kemikali ambayo Hans Tanner wa Uswisi na wenzake waliitambua mwaka 1981 kuwa ndiyo kiini cha harufu ya uvundo, harufu ya gazeti lililolowa, iliyokuwa ikiwasumbua wanywaji miaka yote. Nanogramu chache kwa lita zinatosha kuharibu chupa nzima. Haina madhara kwa afya, lakini madhara yake kwa biashara ni makubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu inapokuwa kidogo sana haitoi harufu ya wazi. Inafifisha tu tunda na kuuacha mvinyo ukiwa bapa, usio na uhai. Mteja aliyepata chupa yenye uvundo wa wazi atairudisha na kupewa nyingine. Aliyepata ile iliyofifia hasemi neno. Anaamua moyoni kwamba mvinyo ule haufai, halafu haagizi tena maishani mwake.

Haki lazima itendwe: watengenezaji wa vizibo vya gome hawakulala. Waliacha kuyapausha magome kwa klorini, wengine husaga gome na kuisafisha chembechembe yake kwa kaboni dioksidi iliyo chini ya mgandamizo mkubwa kabla ya kuiunganisha upya kuwa kizibo, na wengine hupima kizibo kimoja kimoja kwa mashine. Kazi hiyo ni nzuri na naiheshimu. Tatizo letu ni kwamba vizibo vilivyopimwa kimoja kimoja vina gharama, na kwa kawaida huishia kwenye chupa za bei ambayo meza chache sana za Mombasa huiagiza.

Kifuniko cha skrubu nacho kina historia ya kukataliwa. Kilibuniwa Ufaransa, Waswisi wakakipokea mapema kwa mvinyo wao mweupe mwepesi, na Waaustralia wakakijaribu katika miaka ya 1970 lakini wanunuzi wakakikataa kwa sababu zile zile tunazozisikia hapa leo. Mwaka 2000 wazalishaji wa Riesling, aina ya mvinyo mweupe, wa bonde la Clare, Australia Kusini, waliamua kwa pamoja kukirudia, kwa kuwa walichoka kuona mvinyo wao maridadi ukiharibiwa na gome, na mwaka uliofuata wenzao wa New Zealand wakaanzisha juhudi kama hiyo. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mvinyo wa New Zealand hufungwa kwa skrubu, na hakuna anayesema kwamba nchi hiyo inauza mvinyo wa ovyo. Taasisi ya utafiti wa mvinyo ya Australia, AWRI, ilikuwa imechukua Semillon, mvinyo mweupe mwingine, ya mwaka 1999 kutoka bonde hilo hilo la Clare, ikaifunga kwa aina 14 za vizibo na vifuniko, kisha ikafuatilia kila moja ilivyozeeka. Kifuniko cha skrubu kilihifadhi vizuri zaidi ladha ya tunda na ile salfa inayotiwa kuukinga mvinyo na hewa, na vizibo vya plastiki vya wakati ule ndivyo vilivyopitisha hewa haraka na kuuacha mvinyo uharibiwe na hewa. Ndiyo sababu nikiletewa bei ya chupa zenye kizibo cha plastiki, ambacho kwa macho kinamridhisha mteja na ndani hakimlindi, huwa siitazami mara mbili.

Utafiti huo huo ulionyesha udhaifu wa skrubu, nao ni wa kweli. Hewa ikizuiwa kupita kiasi, misombo ya salfa iliyomo ndani ya mvinyo inaweza kutoa harufu ya mpira au ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Mara nyingi chanzo huwa ni mtengenezaji ambaye hakuuandaa mvinyo wake kwa kifuniko kinachobana, na dawa ya mezani ni kuumimina kwenye jagi na kuuacha upumue. Mnunuzi anaweza pia kuuliza kuhusu kile kisahani chembamba kilichobandikwa ndani ya kifuniko: chenye utando wa bati huzuia karibu hewa yote, kisicho na bati huruhusu kidogo, na mvinyo mwekundu mzito unaweza kunufaika na hicho cha pili. Udhaifu mwingine ni wa ubebaji. Kifuniko cha alumini kikigongwa ubavuni kikabonyea, muhuri huvunjika, na kwa jinsi katoni zinavyorushwa tunapopakua magari, mtu wa ghala hana budi kufundishwa kukagua vifuniko kama ninavyokagua mimi vizibo.

Sasa kuhusu macho ya mteja. Hapa Kenya kifuniko cha kuzungusha kilijulikana kwanza kwenye chupa ndogo za vileo vikali vya bei nafuu, na doa hilo halijatoka. Kuna pia hofu ya pombe bandia, mtu akihisi kwamba kinachofunguliwa kwa mkono kinaweza kujazwa upya na kufungwa kwa mkono. Hofu hiyo ina jibu. Kifuniko cha skrubu kimeunganishwa na pete ya chini kwa vijino vidogo ambavyo hukatika mara ya kwanza kinapozungushwa, na mlio wao husikika. Chupa ambayo vijino vyake vimekatika kabla ya kufika mezani irudishwe pale pale.

Niliwahi kuwa katika mkahawa mmoja ambapo bwana mmoja, aliyekuja na mkewe kusherehekea ndoa yao, aliletewa mvinyo mweupe wa Afrika Kusini wenye kifuniko cha skrubu akaukataa kwa upole. "Kijana wangu, leo ni siku kubwa, tuletee ile yenye kizibo," alisema. Mhudumu akajibu, "Sawa, mzee," akaenda kuchukua chupa ya bei ya juu zaidi iliyokuwa imekaa miezi kadhaa kwenye rafu ya mapambo ukutani, mita chache kutoka mlango wa jikoni. Walilipa zaidi wakanywa mvinyo uliochoka, na hakuna aliyewaambia. Simlaumu yule bwana hata kidogo, kwa maana alikuwa akiheshimu siku yake kwa njia aliyofundishwa. Lawama ni yetu, kwa kuwa chupa ya skrubu tunaileta imeshafunguliwa kaunta, bila kuionyesha, ilhali ya gome tunaiendea kwa kizibuo, kitambaa cheupe na taadhima.

Mteja huyo huyo angeshangaa kujua kwamba hata Shampeni, kileo cha sherehe kuliko vyote, kwa kawaida hukaa miezi au miaka ikichachuka na kuzeeka ndani ya chupa chini ya kifuniko cha bati cha aina ya kile cha soda, na kizibo cha gome hutiwa mwishoni tu. Sisi watu wa pwani nasi tunalijua hili tangu zamani: mgema hazibi kibuyu cha mnazi kwa nguvu, kwa kuwa tembo bado linachemka na litatafuta pa kutokea, na hakuna mnywaji anayemdharau kwa kuweka nyuzi za mnazi mdomoni mwa kibuyu. Kinachozibwa ndicho kinachoamua kizibo.

Kwa sababu hiyo hiyo silikatai gome moja kwa moja. Mwaloni wa Ureno, nchi inayotoa karibu nusu ya gome lote la vizibo duniani, huvuliwa gome mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9 bila kukatwa, na ni mavuno ya tatu ndiyo yanayofaa kwa vizibo vya asili, yaani mti umepita miaka 40. Misitu hiyo ni hazina, na mvinyo mwekundu unaonuiwa kuzeeka miaka kumi au ishirini huenda ukanufaika na ile hewa kidogo mno ambayo gome zuri huachia. Lakini mvinyo wa namna hiyo unahitaji chumba chenye nyuzi 14 usiku na mchana, kilichounganishwa na jenereta kwa ajili ya siku stima inapopotea, na mwenye mkahawa asiye na chumba hicho asiniagize chupa hizo, kwa maana joto litaupika mvinyo hata ukiwa chini ya kifuniko gani. Kwa mengine yote, ninachoomba ni kwamba mhudumu ailete chupa ya skrubu ikiwa imefungwa, aionyeshe lebo, aifungue mbele ya wenye meza ili wasikie vijino vikikatika, ammiminie aliyeagiza kidogo aonje, kisha asimame kimya akingoja jibu lake.