Mahindi yenye kiduha yana njaa

Msimu uliopita nilishinda siku mbili nikimsaidia mama mdogo kung'oa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kwenye shamba lake, huku Kanda ya Ziwa. Kilikuwa kimechanua maua ya zambarau, mazuri kwa kweli, na pembeni yake mahindi yamedumaa, majani yamesinyaa wakati mvua ilinyesha juzi tu. Nilifukua shina moja taratibu kwa vidole: mzizi wa kiduha umeng'ang'ania mzizi wa mahindi. "Hata uking'oe, mwanangu, kimeshakula," akaniambia. Ni kweli. Kabla hakijachomoza, huwa kimenyonya wiki kadhaa chini ya ardhi.

Natamani kila mkulima aelezwe kinachokiamsha. Ni mahindi yenyewe. Udongo ukipungukiwa fosforasi, mmea huhisi, na jeni za kutengeneza homoni za strigolaktoni huongeza kazi mizizini. Sehemu ya homoni hizo hutolewa nje kuwaita kuvu wema wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi kutoka mbali kidogo. Mmea ukishiba, jeni hizo hutulia. Mmea hauna miguu ya kwenda kutafuta chakula, kwa hiyo unaita.

Kwa bahati mbaya kiduha nacho kinasikia. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, hukaa ardhini hata zaidi ya miaka 10 ikisubiri wito huo. Wanasayansi wenyewe walianza kumjua mwizi: mwaka 1966 walipata kemikali hiyo kwenye mizizi ya pamba, wakajua tu kwamba inaotesha kiduha. Ilichukua mpaka 2005 ndipo watafiti wa Japani wakaonyesha kuwa ulikuwa wito kwa kuvu.

Ndiyo maana naumia nikisikia mkulima analaumiwa kwamba kiduha kimemjaa kwa uvivu wa kupalilia. Kung'oa ni lazima, tena kabla hakijaangusha mbegu, lakini udongo ukibaki na njaa mahindi yataita tena. Tuanze na udongo: samadi, na mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Kuna pia desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa katikati ya mistari, njia iliyokuzwa na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha kisha huzizuia kushika mahindi.

Nyuma ya zizi la mama mdogo kuna rundo la samadi lenye kimo cha kiuno changu. Tumeshaazima mkokoteni. Tunaanza kuibeba Jumamosi, kabla ya mvua za kupandia.