Heri kamusi elezo yenye ugomvi

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza watu waligombania herufi moja kwa miaka ipatayo minane. Makala ilihusu yogati, na swali lilikuwa kama jina liandikwe Yoghurt au Yogurt. Jina lilihamishwa, likarudishwa, watu wakaorodhesha kamusi, wengine wakapiga picha vikopo vya dukani, wapya wakaingia wakirudia yaliyosemwa miaka mitano nyuma, hadi mwaka 2011 herufi h ilipoondoka.

Anayetaka kuicheka Wikipedia huanza na kisa hiki. Nami nimeanza nacho, ila kicheko chenyewe kinanitia shaka. Tunacheka kwa sababu tunaona watu wazima wakipoteza muda. Lakini hebu tazama walichokosa kufanya kwa miaka yote minane: hakuna aliyepewa rungu la kusema "nimeamua, ondokeni".

Wanaolalamika wana hoja, na ni hoja za watu wanaoijua kazi. Ensaiklopidia za zamani zilikuwa na mhariri mkuu, akishatamka, limekwisha. Wikipedia haina mtu huyo. Hata Kamati ya Usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza, iliyoanza kazi mwaka 2004 na ambayo wengi huidhani ni mahakama kuu, haiamui makala iseme nini. Inahukumu mwenendo: nani alitukana, nani alitumia akaunti mbili akajifanya watu wawili, nani alitengua kazi za wenzake, yaani alifuta mabadiliko yao na kurudisha maandishi ya awali, bila kueleza. Ni kama baraza la ardhi linalowaambia majirani kwamba mmegombana vibaya, kisha linafunga faili bila kutaja shamba ni la nani.

Hoja yao ya pili ni nzito kuliko hiyo. Mjadala usio na hakimu humpa ushindi mwenye muda. Nesi anayetoka zamu ya usiku anajua kuhusu chanjo kuliko mtu anayeshinda mbele ya kompyuta, lakini huyo wa kompyuta atajibu mara ishirini kabla nesi hajaamka. Mtaalamu akishatenguliwa mara mbili na mtu asiyemjua, haji tena. Sijaona jibu kamili la hoja hii na sitajifanya ninalo.

Hata hivyo, wanaolalamika husahau jinsi kanuni zenyewe zilivyotungwa kwa akili. Chukua ile ya kutengua mara tatu, inayosimamiwa tangu mwaka 2004: ukitengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kufungiwa usihariri. Wageni huisoma kama ruhusa ya kutengua mara tatu kwa siku, na hufungiwa wakishangaa. Kinachonipendeza ni kwamba kanuni haiulizi nani ana haki. Ukiacha uharibifu wa dhahiri na mambo machache ya namna hiyo, mwenye ukweli na mwenye uongo wote hufungiwa. Inauma, hasa ukiwa wewe ndiye mwenye ukweli. Lakini inawasukuma wote wawili mlango mmoja, ukurasa wa majadiliano, ambako maneno hubaki na yeyote atakayekuja baada ya miaka kumi anaweza kuyasoma.

Kura hutumika kwa nadra, na pale ilipotumika kwa busara haikutoa mshindi. Wapolandi na Wajerumani waligombania mji wa bandari ulio kwenye Bahari ya Baltiki: uitwe Gdańsk au Danzig? Mwaka 2005 kura iligawanya karne. Ukiandika habari za mwaka 1308 hadi 1945, ni Danzig. Kabla ya hapo na baada ya hapo, ni Gdańsk. Kila upande uliondoka na kipande cha historia mkononi.

Sasa nije kwenye takwimu ambayo wakosoaji huishika kama mkuki. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na wenzao walikusanya miito ya maoni 7,316 ya Wikipedia ya Kiingereza, ya kipindi cha miaka saba. Mwito wa maoni ni pale wahariri walioshindwa kuelewana wanapowaita watu wa nje waseme; kwa kawaida hukaa wazi siku 30 hivi, kisha mtu asiye na upande husoma yote na kuandika hitimisho. Watafiti walikuta kwamba karibu theluthi moja ya miito hiyo haikufikia utatuzi wowote. Theluthi moja! Gazeti gani lingeacha namba hiyo ipite?

Nimekaa nayo muda mrefu, na kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyonigeuka. Kwanza, miito hii ni ya migogoro iliyokwishashindikana kwingine. Mabishano mengi hufa kwenye ukurasa wa majadiliano baada ya ujumbe mmoja au miwili, na hayamo kwenye hesabu. Ukihesabu wagonjwa wa hospitali ya rufaa usiseme umehesabu taifa. Pili, kukosa hitimisho rasmi si lazima iwe kukosa mwisho. Mara nyingi watu huchoka, mmoja anaandika sentensi ya katikati ambayo hakuna anayeipenda sana wala kuichukia sana, na kazi inaendelea. Aliyekaa kibarazani na wazee anajua kwamba mambo mengi huisha hivyo, kahawa ikiwa imepoa, bila mtu kusimama na kutangaza.

Hadi hapo naitetea. Lakini kuna upande wa takwimu ile usiokubali kutetewa. Jambo lisipotatuliwa, maandishi yaliyokuwapo hubaki. Kwa hiyo katika sehemu ya theluthi ile, aliyetangulia kuandika ndiye aliyeshinda, na si kwa ubora wa hoja yake. Zaidi ya hapo, kati ya sababu walizozitaja watafiti, hoja kutoelezwa vizuri tangu mwanzo, malumbano kuzidi, na watu wa nje kutojali, hii ya tatu ndiyo inayoninyima raha. Wikipedia ya Kiingereza ina wahariri zaidi ya laki moja wanaogusa kitu kila mwezi. Kama wao wanakosa mtu wa tatu wa kusoma na kuamua, sisi wa Kiswahili tunaohesabiwa kwa mamia tutampata wapi?

Hapa ndipo hofu ya wengi na hofu yangu zinapoachana njia. Wengi wanaogopa ugomvi. Mimi naogopa ukimya, na nina visa viwili.

Cha kwanza ni Wikipedia ya Kikroatia. Kwa takriban mwongo mzima kikundi cha wakabidhi, yaani wahariri waliopewa uwezo wa kufungia wenzao na kufuta kurasa, na wahariri wenye mrengo mkali wa kizalendo kiliishika. Jasenovac, kambi ambamo Waserbia, Wayahudi na Waroma (watu wa kabila la Roma, si wa mji wa Roma) waliuawa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilielezwa kwa lugha laini kama kambi ya kukusanyia watu na ya kazi. Aliyepinga alifungiwa. Mwaka 2013 magazeti ya Croatia yalipiga kelele, na waziri wa elimu, Željko Jovanović, akawaonya wanafunzi wasiitegemee. Bado ilichukua miaka mingine saba kabla mkabidhi mkuu wa kikundi kile kupigwa marufuku, na mwaka 2021 Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ukachapisha tathmini ya yote yaliyotokea.

Wakosoaji hukitumia kisa hiki kusema: mnaona, majadiliano hayakusaidia. Ni kweli hayakusaidia, na ni kweli pia kwamba ilihitajika nguvu kutoka nje, jambo linalomchoma mtetezi wa majadiliano kama mimi. Ila jiulize kwa nini hayakusaidia. Hayakuwapo. Walioweza kubisha walikuwa nje ya mlango. Tathmini yenyewe iligusa jambo lingine ambalo sisi tunapaswa kulisoma kwa makini: Kiserbia, Kikroatia na Kibosnia zina Wikipedia zake mbalimbali, na iko nyingine ya Kiserbokroatia, ingawa wasemaji wanaelewana bila mkalimani. Asiyekubaliana na wenzake alikuwa na pa kwenda. Akahama, na waliobaki wakabaki wanafanana.

Kisa cha pili ni cha Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo ndugu wa Kiingereza. Agosti 2020 ilikuja kujulikana kwamba makala zaidi ya 20,000 ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakujua lugha hiyo. Alianza akiwa na umri wa miaka 12, akibadili maneno ya Kiingereza moja moja kwa kamusi ya mtandaoni. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa pia mkabidhi. Kilichonishtua mimi ni kwamba kwa miaka yote hiyo hakukutokea ugomvi wa maana kuhusu kazi yake. Laiti Mskoti mmoja msumbufu angeingia mwezi wa kwanza akatengua makala tano na kuandika "hatusemi hivi", mtoto yule angeokolewa na aibu, na lugha ile ingeepushwa na fedheha kubwa.

Upo utafiti wa mwaka 2019 katika jarida la Nature Human Behaviour unaoelekea huko huko. Makala zilizohaririwa na watu wa mirengo ya kushoto na kulia kwa pamoja zilikuwa bora kuliko zilizohaririwa na watu wa mrengo mmoja au wa katikati tu. Ulihusu Kiingereza na siasa za Marekani, kwa hiyo siubebi wote nyumbani. Lakini unaonyesha kwamba kelele zina faida inayopimika.

Turudi kwetu. Fungua makala yoyote ya Wikipedia ya Kiswahili, mradi ulioanza mwaka 2003, kisha bonyeza "Majadiliano". Mara nyingi utakuta ukurasa mtupu. Makala ni mbegu, kama tunavyoziita zile fupi, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mbegu yenyewe ni nzima. Sitaki kumlaumu mtu. Wanaofanya kazi pale ni wachache na wanajitolea. Lakini pia tuna tabia zetu. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, na kutengua kazi ya mtu hadharani ni kumkosoa mbele za watu wote wenye intaneti. Hata tukimtengua, tunaanza na samahani. Wengi huona kosa, wakanyamaza, wakahamia Kiingereza.

Na si kwamba hatuna cha kubishania. Tuna mradi mmoja kwa Mtanzania, Mkenya na Mkongo, na hilo ni bahati ambalo wenzetu wa Balkani waliliacha. Wa Nairobi aliyefundishwa tarakilishi anakutana na wa Dar anayesema kompyuta, na hakuna Wikipedia ya pili ya Kiswahili ya kukimbilia, lazima wasemezane.

Mfano ninaoupenda ni ule wa sayari iliyo karibu zaidi na jua. Makala yake iko chini ya jina Utaridi, lakini wanafunzi wengi wameijua kwa jina Zebaki. Wanaotetea Utaridi wanasema jina hilo limetoka Kiarabu pamoja na ndugu zake Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, na kwamba zebaki ni ile madini majimaji ya kwenye kipimajoto. Zebaki ikawa sayari kwa sababu tu Kiingereza kinaita vyote viwili Mercury, na mtu akatafsiri bila kutazama juu. Wanaotetea Zebaki wanasema lugha ni ya wanaoitumia, na kama mtoto wa darasa la tano anatafuta Zebaki, kamusi elezo inayomficha jina hilo inamhudumia nani?

Mimi niko na Utaridi, sifichi. Lakini nikiulizwa nani aamue, sitaki awe mkabidhi, hata akiwa upande wangu. Shida ya jumuiya ndogo ni kwamba mwenye hoja, mwenye funguo na mwenye kuandika hitimisho mara nyingi ni mtu yule yule, na hata akiwa mwadilifu hakuna anayeweza kuona uadilifu wake kama hajauandika. Kutaja majina yote mawili kwenye sentensi ya kwanza kumesaidia. Hakutamzuia mwanafunzi fulani kuingia jioni moja na kuhamisha jina liwe Zebaki.

Siku hiyo mtu atatengua. Ni haki yake. Ninachoomba ni kwamba asiishie kwenye kitufe. Aende majadiliano, aandike mistari miwili kueleza kwamba Utaridi ni sayari na zebaki ni madini, na ataje kamusi ipi inasema hivyo, ukurasa wa ngapi. Na mwanafunzi naye asikimbie. Amjibu kwamba kitabu chake cha shule kinasema vingine, na yeye pia ataje ukurasa.