Soda ya baada ya tizi haijengi msuli

Jioni kwenye jimu za Mtwara, kijana akimaliza kubeba chuma anakimbilia soda au maji ya miwa. Hoja yake ameikariri: sukari inapandisha insulini (homoni ya kongosho inayodhibiti sukari ya damu), insulini inasukuma protini kwenye msuli. Mwanzo wa hoja ni sahihi. Mwisho wake ndio unaomla hela.

Msuli unajengwa na kubomolewa kila saa, hata ukiwa umelala. Kwa mtu mzima, kazi kubwa ya insulini ni kusimamisha bomoabomoa hiyo, na haihitajiki nyingi. Asubuhi kabla ya kula, damu ya mtu mwenye afya huwa na takriban mikrouniti 5 hadi 10 za insulini kwa mililita. Zikifika 15 hadi 30, bomoabomoa imeshapungua karibu kadiri inavyowezekana. Sahani ya ugali inavuka hapo bila shida, na hata samaki mtupu anaipandisha, maana asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, nazo huiamsha kongosho. Soda inaongeza nini tena?

Ujenzi wenyewe una swichi nyingine ndani ya seli za msuli, iitwayo mTOR, na anayeibonyeza hasa ni leusini, mojawapo ya asidi amino. Zinatakiwa gramu 2 hivi kwa mlo mmoja, kiasi kinachopatikana kwenye gramu 25 za protini nzuri. Insulini husaidia: inatanua mishipa midogo ya damu na kuchangamsha baadhi ya njia zinazopitisha asidi amino kuingia kwenye msuli. Lakini ikipanda peke yake, asidi amino kwenye damu hushuka, kwa sababu bomoabomoa iliyokuwa ikizitoa imezimwa. Ujenzi unakosa malighafi. Na watu waliopewa gramu 25 za protini ya maziwa baada ya mazoezi, kisha wakapimwa tena wakiwa wameongezewa gramu 50 za wanga, kasi ya ujenzi ilikuwa ileile.

Kwa hiyo kasoro ya mlo wetu wa Kusini si insulini. Ugali wa muhogo kwa mchuzi wa nyanya, au ming'oko (viazi vya porini) na chai, vinaipandisha vizuri tu. Kinachokosekana ni kitoweo. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zinatosha, au pweza wa kuchemsha kiasi hichohicho, au gramu 40 hivi za dagaa wakavu. Korosho, pamoja na mapenzi yetu yote kwake, inadanganya: kupata gramu 25 za protini utatafuna gramu 140, na ndani yake kuna mafuta gramu 60. Mbaazi zilizopikwa ni mabakuli mawili ya kushiba.

Sukari ina nafasi yake kwa anayecheza mpira asubuhi na jioni, anayehitaji kujaza nishati haraka. Anayefanya tizi mara moja kwa siku atajazwa na ugali wa usiku.

Wazee ni habari nyingine. Msuli wao husikia insulini kwa shida na mishipa haitanuki kama zamani, hivyo mzee wa kilo 60 asiye na ugonjwa wa figo apate gramu 24 hivi za protini kila mlo, na atembee. Kutembea kunarudisha sehemu ya usikivu huo. Mgonjwa wa kisukari anayeruka sindano zake, misuli yake huyeyuka hata akila samaki kila siku. Na asiye na kisukari anayejichoma insulini ili atanuke kifua, sukari yake ya damu inaweza kuporomoka akazimia, na wengine hawaamki.