15 KR na 511 KJ: jina la kikosi humwambia nani nini?

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, Mariakani utapita kambi ya 15 KR, batalioni ya Kenya Rifles. Mabarazani swali haliishi: jeshi huru linafanya nini na jina la mkoloni?

Wanaolalamika wana ushahidi, tena wa hapahapa. East Africa Rifles iliundwa mwaka 1895, makao yake Mombasa. Mwaka 1902 ikaunganishwa na vikosi vingine kuwa King's African Rifles, KAR. Uhuru ulipokuja, 3 KAR ikaitwa 3 KR. Mfalme akaondoka, namba ikabaki. Tanganyika haikukubali hivyo. Baada ya maasi ya Januari 1964 iliivunja Tanganyika Rifles yote, na Septemba ikaunda JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kenya nayo iliasiwa kambini Lanet mwezi uleule, ila iliyovunjwa ni 11 KR tu.

Kisiasa, naipa Tanzania alama. Lakini tazama namba zake: vikosi huitwa kwa tarakimu na KJ, Kikosi cha Jeshi. Adui akisoma 511 KJ haambulii kitu, na hiyo ndiyo faida. Ila jirani naye haambulii. Kambi hiyo ni ya Gongo la Mboto, ambako maghala ya mabomu yalilipuka Februari 2011 na kuua raia. KR angalau inakuambia hawa ni askari wa miguu.

Inakuambia hilo tu, basi. Zamani Uingereza "Rifles" walikuwa walenga shabaha wenye bunduki za mtutu wa mifuo, yaani mtutu uliochongwa mistari ndani, wakati wenzao wakibeba za mtutu laini, na desturi yao ni kutobeba bendera ya kikosi. Kenya Rifles huipitisha yao kwa mbwembwe Jamhuri Dei! Bunduki ya mifuo nayo siku hizi anayo kila askari. KR wamebeba bunduki ya G3 kwa miongo: zaidi ya kilo 4, magazini ya risasi 20. Uzito huo mwanajeshi anauhisi begani, herufi za jina hazihisi.

Kwa hiyo wanaotaka jina libadilishwe siwapingi, ila hasira yao ningeipeleka kwenye bajeti. Januari 2016 kambi ya Wakenya ya El Adde, Somalia, ilivamiwa kwa gari la mabomu. Wabunge wanaoguswa na historia ya KAR waulize kwanza vijana wanaopelekwa huko wanavaa nini kifuani, na wanapanda gari gani.